Kifaru Kilichopakwa Asali

Wanangu wa karakana, siku ile mliponiaga kwa soda na keki iliyoungua chini, mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu kwa nini sikuruhusu hata siku moja kile kifaru cha mbao kilicho juu ya rafu kipanguswe. Nikamwambia ni habari ndefu, nikaendelea na keki. Sasa niko nyumbani kwangu Kanyenye, hapa Tabora, sina kazi ila kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo nimenunua daftari. Anayetaka kujua nilipandaje cheo akasome faili langu. Mimi hapa nitawaeleza habari za uchafu.

Niliingia karakanani miaka michache baada ya Uhuru, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Usinge. Baba yangu alikuwa mrina asali, na mama yangu alikuwa mkulima mwenye maneno machache na makali. Karakana ilikuwa ya mkoa, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mifano midogo ya kufundishia: nyumba bora, choo bora, mzinga bora, jembe bora la kukokotwa na ng'ombe. Siku zile kila kitu kilikuwa bora, hata kabla hakijajengwa. Mifano ilipakiwa kwenye lori na kuzungushwa vijijini ili watu waone kwa macho yale waliyokuwa wakiambiwa kwa midomo. Mimi niliajiriwa kufagia.

Asubuhi ya kwanza nilikuta juu ya meza lori dogo la mbao, urefu wake kama mkono wangu, chafu halisemeki. Lilikuwa na tope kwenye matairi, masizi nyuma, kutu mlangoni. Nimelelewa na mama asiyelala na sufuria chafu, basi nikachukua sabuni na gunzi, nikalisugua mpaka likang'aa. Nikaliweka dirishani likauke, nikasimama pembeni nikisubiri kusifiwa.

Aliyeingia ni Fundi Feruzi, mkuu wa rangi. Alikuwa mtu wa mjini hapa, mjukuu wa watu waliokuja na misafara ya zamani na hawakuondoka tena. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe pe, na siku nyingine alivaa kaptula ambayo hakuna aliyekumbuka ilianza na rangi gani. Kabla ya karakana alikuwa akiandika vibao vya maduka ya Wahindi. Hakuwa na cheti hata kimoja. Herufi za Kizungu alijifunza kwa kunakili makopo ya maziwa. Alilitazama lile lori kitambo, kisha akaniuliza kwa upole uchafu umekwenda wapi. Nikamwambia nimeumwaga nje. Akaniuliza kama najua kuupaka kulimchukua siku ngapi. Nikasema moyoni, masikini, mzee wa watu ameanza kuchanganyikiwa.

Zilikuwa wiki tatu. Nilipoelewa nilitamani sakafu inimeze. Nilingoja anifukuze, na badala yake akanipa adhabu ambayo imenilisha maisha yangu yote.

"Wewe uliyesafisha," alisema, "ndiye utakayechafua."

Kesho yake akanipeleka stesheni, akanikalisha kwenye benchi na kuniamuru nitazame mabehewa. Siku tatu nzima. Watu wakaanza kunisikitikia wakidhani nimekimbiwa na mchumba. Kila alasiri alikuja kunihoji. Behewa la tatu limechubuka wapi? Maji ya mvua yameacha mchirizi kuanzia juu au katikati? Mlango unashikwa upande gani? Nilipokosea, aliniambia nitazame tena, na hakupandisha sauti hata mara moja, jambo lililoniuma zaidi ya kugombezwa.

Fundisho lake ni hili, na nimewaimbia mara nyingi mpaka mkawa mnaniiga nikigeuka. Uchafu una adabu zake. Maji hushuka, vumbi hupanda, moshi hurudi nyuma, na mkono wa mtu hugusa palepale kila siku. Ukiupaka ovyo, hata mtoto atajua ni rangi.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kujitafutia. Brashi nyembamba tulizifunga wenyewe kwa manyoya ya mbuzi. Ya kingo hutumika kavu: unachovya ncha tu, unaifuta kwenye gazeti mpaka unaamini haina kitu tena, ndipo unaipitisha juu ya kona za chuma, na kona zinaamka. Masizi ya koroboi tuliyakoroga na mafuta ya taa, tukayaachia yatiririke yenyewe kwenye mifereji. Kutu tuliipata kwa kuloweka misumari ya zamani kwenye ukwaju. Vumbi tulilichekecha kwa kipande cha kanga, na si vumbi lolote tu. La uani lilikuwa la kijivu na lilifaa nyumba. La njia ya Kipalapala lilikuwa jekundu na lilifaa magari. La kichuguu ndilo lililoshika kuliko yote, nalo lilikuwa la matope. Mseminari mmoja alinikuta njiani kule nimechuchumaa nachota vumbi kwa kijiko na kulitia kwenye kopo. Akaniuliza kwa huruma ni mganga gani aliyenituma. Nikamjibu vumbi ni la serikali. Akapiga ishara ya msalaba akaendelea na safari yake.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka kadhaa, mimi na Fundi Feruzi, tukizeesha vitu vipya. Kisha akaletwa Ndugu Chilongani kuwa mkuu wa karakana.

Nilipopata habari kwamba mkuu mpya ni Mgogo wa Dodoma, nilifurahi kweli. Nyinyi vijana wa leo utani mnausikia tu, kwa hiyo nieleze. Sisi Wanyamwezi ndio tuliobeba mizigo ya misafara kutoka hapa mpaka Pwani, na katikati ilikuwa lazima tupite Ugogo, kwenye jua kali na maji ya shida. Wagogo wakawa wanatutoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji yao. Tukagombana, tukapigana, mwisho tukachoka, tukawa watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Anaweza kuingia kwako akachukua kitu akaenda nacho. Ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kukuiga na kukucheka mpaka wafiwa wapate pumzi. Atakayekasirikia utani ameaibika yeye, siyo aliyemtania.

Basi siku ya kwanza nikamsimamia mlangoni, nikamwambia mtani karibu, huku kwetu maji ni ya bure. Wenzangu wakacheka. Ndugu Chilongani hakucheka. Akasema kazini hakuna utani, kuna kazi, na akaomba kila mtu amwite Ndugu. Nikarudi kwenye brashi zangu nimenywea.

Hakuwa mtu mbaya, ila alinyooka kupita kiasi. Viatu vyake viling'aa hata kiangazi, wakati Tabora nzima ina rangi ya tofali. Mfukoni alikuwa na leso nyeupe iliyopigwa pasi ikakunjwa mara nne. Kitu kilichomtesa zaidi ni meza inayoyumba. Hakuweza kuzungumza na mtu meza ikitikisika, angechukua karatasi, akaikunja, akapiga magoti na kuisukuma chini ya mguu wa meza, kisha akainuka na kusema, "Endelea, Ndugu." Barua zetu nyingi za kuomba viatu vya kazi ziliishia huko.

Alipopitia mafaili akaona Fundi Feruzi hana cheti. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Alimwita, na mimi nikiwepo nashika kopo, akamwambia kwa adabu kwamba karakana ya kisasa inahitaji wataalamu, na kwamba kijana mmoja mwenye cheti cha sanaa anangoja nafasi. Fundi alisema amesikia. Alipotoka nje alikaa juu ya debe la rangi muda mrefu. Alikuwa na miaka sitini hivi, nyumbani ana mke asiyeona vizuri na wajukuu watano. Kurudi kwenye vibao haikuwezekana, maana maduka mengi yalikuwa yanafungwa, na nani ataagiza kibao cha duka lililofungwa? Tena siku zile mtu asiye na kazi mjini alikuwa akipakiwa kwenye lori kwenda kulima kijijini. Fundi Feruzi hakuwahi kushika jembe maishani mwake. Alishawahi kulipaka rangi tu.

Ndipo ikaja kazi ya kifaru. Mgambo wa vijijini walikuwa wanafundishwa kutambua magari ya vita, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona kifaru. Mwalimu wao alikuwa akiwachorea ubaoni kitu kama kobe aliyebeba bomba la maji. Wakubwa wakaagiza mfano, na wakasema meja kutoka makao makuu atakuja mwenyewe kuukagua. Ndugu Chilongani alimpa Fundi kazi ile na kumwambia waziwazi kwamba hiyo ndiyo itakayoamua: mgeni akikipokea kifaru, Fundi anabaki, akikikataa, Fundi anaacha funguo mezani.

Fundi alikichonga kwa mti wa mninga, kirefu kama nusu ya mlango, kutoka kwenye picha mbili za gazeti, moja ikiwa imekatika katikati. Kilikuwa kizuri, wallahi, ingawa kilikuwa na ila moja: gurudumu la nyuma upande wa kushoto lilitoka fupi kidogo, kwa hiyo kiliyumba kikiwa mezani. Fundi akasema vitani hakuna meza. Rangi ya kijani haikupatikana mji mzima. Bwana Premji, mwenye duka la rangi hapa Kanyenye, alitukwangulia kopo la buluu na kopo la manjano lililoganda juu kama ugali wa jana, akatuambia tukoroge na tumwombee. Tukakoroga, tukaongeza masizi, ikatoka kijani ya jani la mninga lenyewe mwishoni mwa masika.

Kikiwa kimepakwa tu, kisafi, Ndugu Chilongani alikuja kukiona, akakizunguka, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. Alileta hata msumari akauliza kama tungependa kukitundikia bendera. Wiki moja baadaye akarudi akatukuta tumekichubua kingo, tumekitia mchirizi wa kutu, na Fundi anakipulizia masizi nyuma. Nusura aanguke. Alisema mgeni atadhani tunalidharau jeshi, na kwamba hajapata kuona mtu akiharibu mali ya umma kwa bidii namna ile.

"Ndugu," Fundi alimwambia, "kifaru kisafi kinakaa kwenye picha. Hawa watakutana nacho porini."

Mkuu alijibu kwamba mgeni ndiye atakayesema, na funguo zinajua njia ya mezani. Akaondoka. Usiku ule sikulala vizuri, nakiri.

Lililobaki lilikuwa tope la minyororo. Tope la mfano lazima linate, likauke, na lisimete. Tulikuwa tukilikoroga na gundi ya mbao, na gundi ilikuwa imekwisha. Bwana Premji hakuwa nayo, maseremala hawakuwa nayo, na ukaguzi ulikuwa keshokutwa. Fundi akasema basi, tutatia vumbi kavu na tuombe upepo usivume. Mimi nikaona hapana. Kazi ya mtu inaning'inia pale, na vumbi kavu lingeanguka lote mgeni akipiga chafya.

Chini ya kitanda changu nilikuwa na debe la asali aliyoniletea baba kutoka Usinge. Mnaona sasa. Fundi alipokwenda kuswali adhuhuri, nikachanganya asali na udongo wa kichuguu, nikapaka minyororo yote, magurudumu yote, na tumboni, kisha nikachekechea vumbi la Kipalapala juu. Ilishika vizuri mno. Ilipasuka pasuka kama tope la kweli la mtoni. Fundi aliporudi akaguna kwa furaha, akauliza gundi nimeitoa wapi. Nikamdanganya kwamba nimepewa na seremala mmoja. Binti wa mrina asali, aliyeanza kuumwa na nyuki kabla hajaota meno, nilifikiria mnato, nikafikiria rangi, nikafikiria mpasuko. Nyuki hawakunijia akilini hata kidogo. Tena ilikuwa kiangazi kikavu, maua yameisha porini, na kila mzinga una njaa.

Siku ya ukaguzi tulikuwa uani: wafanyakazi wote, mgambo kumi na wawili kwenye mstari, Ndugu Chilongani amevaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka kwenye mbavu. Meja alikuwa mtu mnene, mpole, asiyesema sana. Fundi aliomba kifaru kisiwekwe mezani kwanza. Alikiweka chini, hatua thelathini, nyuma ya majani makavu na kichuguu kidogo, akamwomba mgeni atazame kwa darubini yake. Meja akatazama. Akatazama tena. 

Akashusha darubini, akauliza, "Hiki kimevuka mto lini?"

Fundi Feruzi alifumba macho. Mimi nilijua, na yeye alijua, kwamba hajawahi kusifiwa hivyo tangu azaliwe. Lakini Ndugu Chilongani alisikia lawama. Aliona mgeni analalamikia tope. Akasema samahani Afande, litaondolewa sasa hivi, na kabla mtu hajamzuia akakimbilia kifaru, akakibeba mpaka mezani, akatoa ile leso yake nyeupe, akailowesha kwa ulimi, akaanza kusugua minyororo. Alisugua kwa nguvu. Tope likalainika, likamganda vidoleni. Akajifuta vidole kwenye leso, akaikunja mara nne, akairudisha mfukoni kwa heshima zote.

Nyuki wa kwanza alikuja peke yake, akatua kwenye mzinga wa kifaru, akatembea mpaka mwisho kama anayekagua. Wa pili na wa tatu wakafuata. Kisha nikausikia ule mvumo ambao kwetu ukiusikia huulizi, unakimbia. Wakaja kama moshi juu ya paa la stoo. Nusu yao walikifunika kifaru mpaka rangi yetu haikuonekana tena. Nusu ya pili ilitafuta ile leso.

Mgambo walitawanyika bila amri. Meja aliingia kwenye gari lake akapandisha vioo. Ndugu Chilongani hakutaka kukimbia. Alianza kutembea haraka, mgongo umenyooka, akijipiga mfukoni na kusema "Ndugu, tafadhali, Ndugu," na sijui kama alikuwa anawaambia nyuki au anatuambia sisi. Mzunguko wa pili akaanza kukimbia, bado amenyooka, magoti juu, kiganja mfukoni. Mzunguko wa tatu adabu ikamwishia. Alikuwa anapiga kelele "Ndugu! Ndugu!" na kila alipopita mbele ya gari, Meja aligeuza shingo kumfuata.

Mimi niliokota majani makavu na gunia bovu, nikawasha, nikafukiza kama nilivyomwona baba akifanya. Nikamfuata mkuu nikampulizia moshi, nikamwambia atupe leso. Akaitupa. Nyuki wakaifuata, wakatulia, na baada ya muda kidogo ua likawa kimya. Jicho lake moja lilikuwa limefungwa, na mdomo wa juu ulikuwa umesogea mahali pengine.

Fundi Feruzi alikuwa amesimama kando ya kifaru. Aligusa mnyororo kwa kidole, akakilamba, akanitazama. Hakuna kutazamwa kulikowahi kuniuma kama kule. Ndugu Chilongani akaja akauliza, kwa shida, nani aliyetia asali kwenye mali ya umma.

"Ni mimi," Fundi akasema.

"Basi unajua kinachofuata," mkuu akamwambia, na mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa koti.

Niseme ukweli, niliogopa. Nilikuwa na miaka yangu michache ya kazi na mama wa kumsaidia. Lakini mzee yule alikuwa anatupa maisha yake juu ya debe langu la asali, na mimi nimesimama na gunia linalofuka. Nikatafuta neno la kumwomba mkuu radhi, sikulipata. Nililolipata ni lile la babu zangu. Nikapiga goti moja mbele yake, nikasema kwa sauti watu wote wasikie:

"Mtani, muongo huyo mzee, asali ni yangu. Babu zako waliwatoza babu zangu hongo ya maji Ugogo, na deni hatujalimaliza. Leo nimekuletea hongo yenu kutoka Usinge, asali safi, na wewe unaikimbia?"

Ndugu Chilongani alinitazama kwa lile jicho lililobaki. Alikuwa ametuambia kazini hakuna utani, lakini goti lilikuwa limeshapigwa, watu walikuwa wameshasikia, na Mgogo anayenuna mbele ya Mnyamwezi hana pa kuuweka uso. Mkono wake ukatoka kwenye koti mtupu, nikaona bega lake linatikisika. Nikadhani analia. Ndani ya gari Meja alikuwa ameinamia usukani, na honi ikalia yenyewe.

"Haitoshi," mkuu akasema kwa ule mdomo uliohama. "Hongo ya mtu mzima haiwi asali tupu. Nachukua na kifaru."

Akakibeba, nyuki watatu wamesalia juu yake, akaingia nacho ofisini na kufunga mlango. Huko ndani tukamsikia akicheka peke yake muda mrefu, kicheko cha mtu ambaye hajafanya hivyo tangu ahamie Tabora. Wiki ile ile Meja aliagiza vifaru sita, vichafu vilevile, bila asali. Habari ya funguo haikutajwa tena. Kijana mwenye cheti alipelekwa mkoa mwingine, akafundishe mizinga bora.

Fundi Feruzi hakunisemesha kwa siku mbili, na kwake yeye huo ulikuwa ukali mkubwa. Siku ya tatu aliniletea chapati, akaniambia tope lilikuwa zuri. Alifanya kazi miaka minane zaidi, mpaka macho yalipokataa, na alipofariki tulimkuta na brashi ya manyoya ya mbuzi kwenye mfuko wa ile kaptula. Sina mtu niliyempenda namna ile kazini.

Kifaru kilikaa juu ya meza ya Ndugu Chilongani na tope lake, na mistari mitano pale alipopitisha leso. Toka siku ile alikuwa mtani wangu kweli. Alinyooka vilevile, lakini kila Ijumaa alinitumia tarishi na kikaratasi: hongo ya wiki hii iko wapi, wewe mchukuzi? Alipostaafu alirudi kwao, akaondoka na kifaru, nikamwandikia kumwita mwizi, akanijibu kwamba ni kweli.

Nilipopata habari ya msiba wake nilipanda treni siku hiyo hiyo. Nilikuta ua limejaa, kilio kizito, wanawe wamekaa wamekunja uso kama yeye. Nikatia leso nyeupe mfukoni mwa koti nililoazima, nikanyoosha mgongo, nikaanza kuzunguka ua nikijipiga mfukoni: "Ndugu, tafadhali, Ndugu." Mzunguko wa pili magoti yakapanda. Wagogo wale walishahadithiwa, kumbe, maana mjane ndiye aliyeanza kucheka, ameshika tumbo, machozi yanamshuka. Kisha wanawe. Nilikimbia mpaka pumzi zikaniishia, na mimi nalia vilevile. Mtani akifikia hapo lazima apewe kitu ili anyamaze. Mjane akaniuliza nataka nini. Nikanyoosha kidole juu ya kabati, kwenye kifaru.

Nilikifungua kifaru nyumbani, kabla ya kukileta kwenye rafu yenu. Kwenye mnyororo wa kulia yumo nyuki mmoja, mkavu, mpaka leo, ndiyo sababu nyingine ya kutoleta vitambaa vyenu pale. Chini ya lile gurudumu fupi la kushoto palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne na kubanwa na pini. Nilijua ni ya nini, kwa sababu hakuwahi kuvumilia kitu kinachoyumba. Nikaikunjua kwa udadisi tu.

Ilikuwa barua ya kumwachisha kazi Fundi Feruzi, imepigwa chapa, ina sahihi na muhuri, kuanzia siku ile ya ukaguzi. Alikuwa nayo mfukoni mwa koti kabla Meja hajashika darubini. Nilikasirika, nikamtukana marehemu kwa Kinyamwezi, na utani unaniruhusu. Kisha nikakumbuka ule mkono uliokwenda kwenye koti na kurudi mtupu, na ofisi ile iliyojaa karatasi za kukunja, naye akachagua hii, nikakaa chini nikalia kwa ajili yao wote wawili.

Nimeikunja tena kwenye mikunjo ile ile na kuirudisha mahali pake. Msiitoe. Bila hiyo kifaru kinayumba.